Mzee, Namba Yako?

Umeme uliisha saa mbili na robo usiku. Mke wangu alikuwa jikoni anakoroga mlenda, mjukuu wetu yuko mezani anahangaika na hesabu za kugawanya, na mimi nilikuwa nafanya kazi ninayoiweza kuliko zote tangu nistaafu ualimu, yaani kusikiliza taarifa ya habari na kuipinga. Giza likaingia. Hakuna aliyepiga kelele. Nyumba yenye LUKU imeshazoea kufa ghafla na kufufuka kwa shilingi elfu tano.

Nikanunua kwa simu, nikasubiri tarakimu zangu ishirini kama siku zote. Zikaja sitini.

Hiyo ilikuwa 2024, na wenzangu wenye mita hizi mnakumbuka. Makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini: ingiza la kwanza, kisha la pili, halafu la tatu ndilo lenye umeme wako. Yale mawili ya mwanzo ni kama kiingilio mlangoni. Nimefundisha shule ya msingi miaka 39, na hata siku nilipokuwa na hasira kuliko zote sikuwahi kumpa mtoto imla ya tarakimu sitini gizani.

Tukagawana kazi. Mjukuu asome kwenye simu yangu, mimi nibonyeze rimoti ukutani, mke wangu amulike kwa kitochi chake. Tulikwenda vizuri mpaka tarakimu ya kumi na saba ya kundi la pili, kitochi kikaita. Alikuwa dada yake wa Maswa. Sasa, mwenye kitochi akipokea simu, mwanga nao hupanda naye sikioni, unabaki kumulika kenchi na mijusi. Na salamu ya Kisukuma si ile ya mambo-poa. Mwadila, mwadila, wa huko hawajambo, watoto, ng'ombe, mvua, yule mgonjwa wa mguu, na yule aliyemcheka mgonjwa wa mguu. Mimi nimeganda ukutani, kidole juu ya kitufe, nanong'ona "nne, nne, nne" nisije nikasahau nilipofikia.

"Babu," mjukuu akasema, "hiyo nne ulishaibonyeza."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa namsikiliza bibi."

Taa ziliwaka saa tatu na nusu. Ugali ulikuwa umepoa, mlenda umekuwa gundi ya kubandikia bahasha, na mjukuu alikuwa amelala juu ya daftari akiwa na jibu lenye baki.

Kesho yake nikaulizia sababu, maana mwalimu hustaafu chaki, hastaafu udadisi. Jibu nililopewa lilinigusa moyo. Mfumo wa mita za aina hii, kwetu na kwingineko duniani, ulikuwa ukihesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Moja moja, usiku na mchana, bila likizo. Na mahali pa kuwekea hesabu hiyo pana ukomo: zikifika dakika milioni 16 na laki saba na ushee, kibaba kimejaa. Kibaba kilikuwa kinajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo maana kila mita ilibidi iambiwe ianze kuhesabu upya, na yale makundi mawili yalikuwa ndiyo maneno ya kuiambia isahau yaliyopita. Nikaionea huruma. Mimi mwenyewe ningepewa tarakimu arobaini za kusahau yaliyopita, ningezibonyeza kwa mikono miwili.

Wivu nao ukanishika. Mita inaijua tarehe iliyoanzia. Mimi yangu siijui.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema nilizaliwa usiku wa mvua ya kwanza, mwaka ambao fisi alikula ndama wawili wa mjomba. Kwa wazee wetu hiyo ilikuwa tarehe kamili, ina saa, ina majira na ina mashahidi. Hata jina lilikuwa cheti cha kuzaliwa. Ukikutana na Mabula au Kabula unajua mvua ilikuwepo siku hiyo. Ukimsikia Kulwa unajua Doto hayuko mbali, na ukiona Shija unajua pacha walitangulia. Siku ya kujiandikisha kitambulisho cha taifa, kijana mwandikishaji hakutaka habari za fisi.

"Mzee, tarehe."

Nikamwambia mwaka ninao, ndio ulioandikwa nilipoajiriwa; siku na mwezi aangalie mwenyewe itakayonifaa. Akaandika Julai 1. Nikamuuliza kwa nini Julai. "Ni katikati ya mwaka, mzee. Tukikosea, tunakosea nusu." Kijana yule nilimpenda. Kwa jibu lile, huenda nilimfundisha mimi.

Kumbe namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo ile Julai ya kubuni ndiyo mlango wa kuingilia mambo yangu yote: laini ya simu, benki, bima, kila kitu. Na siko peke yangu. Kijiweni kwetu, kwenye kahawa pale Malambo, hapa Bariadi, tuko wazee sita. Wanne tumezaliwa Julai 1, wawili Januari 1. Asubuhi ya Julai 1 simu zetu hulia kwa pamoja, ujumbe wa kututakia heri kutoka kwa watu ambao hawajawahi kututakia heri kwa jambo jingine lolote. Tunapongezana, tunacheka, na wale wawili wa Januari wanalipa kahawa. Januari tunalipa sisi. Hii ndiyo faida pekee ya namba ile niliyoiona kwa macho.

Halafu vidole. Mnakumbuka kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, ikawa Januari 20, 2020. Nilimsindikiza kaka yangu mkubwa, mtu ambaye hakukaa sana darasani kwa sababu alikuwa shambani akinilipia mimi nikae. Foleni tuliipanga tangu alfajiri. Tulipofika mbele, kijana akasema weka gumba. Mashine ikakataa. Cha shahada. Ikakataa. Tukavimaliza vyote kumi.

"Mzee, huna alama za vidole."

Kaka akaigeuza mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeibiwa stendi. "Zilikuwepo," akasema.

Zilikuwepo kweli. Zimebaki kwenye mipini ya majembe na kwenye vikonyo vya pamba. Akashauriwa aipumzishe mikono wiki moja, aipake mafuta ya mgando, arudi. Ilikuwa Januari, palizi imepamba moto. Kumwambia mkulima wa Simiyu apumzishe mikono mwezi wa kwanza ni kumtukana kwa adabu. Lakini simu ilikuwa simu, na mwanawe yuko Dar es Salaam, basi akapaka. Tukarudi. Vidole tisa vikakataliwa tena. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho miaka yote kilikuwa kinaning'inia tu wenzake wakishika mpini, hicho kikakubaliwa. Kwa hiyo kaka yangu, mtu wa ekari kumi na mbili, huko mtandaoni anatambulika kwa kidole chake kivivu kuliko vyote.

Mwaka 2022 ikaja Operesheni Anwani za Makazi. Neno operesheni, kwa watu wa umri wangu wa huku Usukumani, husimamisha nywele. Ile ya vijiji, mwaka 1974, ilituhamisha sisi na mifugo na vyungu, tukapangwa mstari mstari kama wanafunzi wa gwaride, baba akaiacha miembe yake inaiva bila mtu. Kwa hiyo waliposema operesheni nyingine, nilitoka nje kuhesabu vyungu. Bahati nzuri hii haikumhamisha mtu. Ilibandika kibao cha namba mlangoni na kusimika nguzo ya jina la barabara kwenye kona. Nguzo ya kwetu ni imara sana. Jirani amefunga mbuzi.

Agosti mwaka ule ule tukahesabiwa na wenyewe. Mkoa wetu wa Simiyu uliokuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012 ukakutwa na watu 2,140,497. Watani wetu wa mikoa mingine wanasema giza lina kazi zake. Siwajibu.

Nirudi kwenye kibao. Agiza mzigo kutoka Mwanza uone. Kijana wa bodaboda ananipigia yuko mjini kati, "Mzee, uko wapi?" Namtajia jina la barabara, namba ya nyumba, na kwa kuwa nimesoma, namwongezea na postikodi. Kimya. Nasikia injini inanguruma tu.

"Mzee, nipe alama."

Haya. Ukitoka sokoni shuka mpaka kwenye mashine ya kukoboa, siyo ile mpya, ile iliyoungua. Pinda kushoto penye mwembe mkubwa. Mwembe wenyewe ulikatwa zamani, lakini hapo ndipo penye mwembe. Ukimwona mama anauza michembe umeshanipita.

"Aah! Kwa mwalimu mkali! Si ungesema?"

Ndiyo anwani yangu hiyo. Miaka 39 ya kula vumbi la chaki, na siku hizi chaki zenyewe zinatengenezwa hapa hapa mkoani, Maswa, halafu matunda yake ni kujulikana na kijana niliyemchapa kwa sababu ya jedwali la saba. Ila mzigo ulifika.

Kwa jumla siku hizi mtu hanipigii kunisalimu. Ananipigia kuniomba namba au kunipa namba. Zamani ukikutana na mtu njiani kuelekea Nyakabindi, mtaulizana wa kwa nani, wa ukoo gani, wa upande upi, na kabla hamjaachana mmeshagundua kwamba shangazi yake aliolewa na mjomba wa rafiki yako, basi ni shemeji, na shemeji hadaiwi nauli. Leo nenda dirisha lolote la huduma: "Mzee, namba yako?" Nikisema jina, ananitazama kama nimetaja ugonjwa. Unataka kulipa? Kontro namba. Unataka mbolea ya ruzuku? Namba iliyokuja kwenye simu. Umekuja kulalamika kwamba namba haikuja? Taja namba ya lalamiko.

Nyumba yenyewe nayo hukatwa kodi ya jengo humo humo kwenye umeme. Ilianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500. Sina neno na kodi, barabara hazijengwi kwa salamu. Lakini LUKU kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na mimi matofali sijayatumia zaidi ya kuyaegemea.

(Kikokotoo cha pensheni sitaki kukizungumzia. Nilistaafu 2019, kabla ya ile asilimia 33 ya mkupuo ya 2022 ambayo baadaye, 2024, ilisogezwa mpaka 40. Walimu wenzangu waliotoka nyuma yangu bado wananisalimia, ila kwa sauti ya mtu aliyekosa basi.)

Kisha kuna makundi ya WhatsApp ya harusi. Mhariri wa vitabu akija Bariadi akauliza watu wanasoma nini, nitamwambia wanasoma orodha za michango. Mmoja akiahidi, orodha yote inanakiliwa upya kutoka namba moja, na watu wako themanini na ushee. Asubuhi unaamka simu imejaa, unadhani kuna msiba. Kumbe namba 64 ameongeza elfu kumi. Mimi niko namba 31. "Mwl. Mstaafu, 50,000, ahadi." Hiyo "ahadi" imenikalia pembeni tangu Machi kama askari wa zamu, na kila mtu akichanga naonyeshwa upya mbele ya ukoo. Enzi zetu aliyeshindwa kuchangia alijificha na kuleta debe la mtama usiku. Kwenye orodha ya namba hakuna usiku.

Na wale vijana wa "ile hela tuma kwenye namba hii" je? Zamani niliwajibu kwa adabu: hela ipi, mwanangu? Sasa nimepata njia bora. Nausahihisha ujumbe na kuurudisha. "Iyo ela" si sahihi, andika "hiyo hela". Baada ya "namba hii" weka nukta. Mmoja nilimpa nne kwa kumi. Akaniandikia tena kesho yake, safari hii na nukta zote mahali pake. Nilimwongezea akafika saba, na nikiri kwamba kidogo nimtumie.

Mtu wa nje atadhani sisi wa Bariadi tunaogopa namba kubwa. Sisi? Bariadi ndiyo iliyoipa nchi hii misamiati miwili ya fedha. John Cheyo wa UDP, aliyegombea urais mwaka 1995, ndiye Bwana Mapesa. Andrew Chenge, alipoulizwa mwaka 2008 kuhusu fedha zake zilizokuwa kisiwani Jersey, zaidi ya dola milioni moja, akaziita vijisenti, na neno hilo halijatoka midomoni mwa Watanzania mpaka leo. Wote wawili wamekuwa wabunge wa Bariadi. Mapesa yametoka kwetu, vijisenti vimetoka kwetu. Kilicho katikati, yaani pesa ya kawaida ya kununulia sukari, ndicho kinachotupiga chenga.

Kwa maana namba ninayoitaka mimi, bei ya pamba, hainiombi niibonyeze. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na kipande cha Mwanza, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Dhahabu nyeupe, wanasema, hasa wanapokuja kuhutubia. Mwaka 2019 dhahabu hiyo ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na kuna waliosubiri malipo mpaka msimu mwingine ukawakuta bado wanasubiri. Mwaka 2022 bei ikapaa, vijana wakanunua pikipiki. Mwaka 2023 ikashuka mpaka 1,060, vijana wakauza pikipiki. Hapo katikati pikipiki ilipakiwa mtama, mke, mbuzi na matumaini, na hakuna mtandao uliotuma ujumbe wa kututayarisha: ndugu mteja, bei yako iko ukingoni kuisha.

Na sisi si malaika. Kuna pamba inayofika kwenye chama cha ushirika, AMCOS, ikiwa imekunywa maji usiku kucha ili iwe nzito, na nyingine ina mchanga wa kutosha kupiga lipu choo. Ukiwauliza wenyewe watakwambia mizani ndiyo iliyoanza. Watu wa mizani watakwambia mkulima ndiye aliyeanza. Kati ya anayeongeza kilo na anayepunguza kilo, kwa miaka mingi kumekuwa na maelewano fulani yasiyoandikwa, na nadhani siku mizani ikisema kweli na pamba ikawa kavu, tutakosa wote la kuzungumza kijiweni.

Baba yangu hakuhesabu ng'ombe. Kuwanyooshea kidole na kusema moja, mbili, tatu, aliona ni kumwandikia fisi barua. Jioni alisimama penye lango la zizi, tumbaku shavuni, wakawa wanapita mbele yake wakisukumana. Wa mwisho akishaingia, baba hutema, husema: "Yule wa pembe za kukumbatiana hayupo." Na kweli hayupo. Kundi zima lilikuwa kichwani mwake kama darasa lilivyokuwa kichwani mwangu; huhitaji rejista kujua ni nani aliyetoroka.

Juni 2025 Rais Samia akaja hapa Bariadi kuzindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Chanjo haina mjadala, ugonjwa tunaujua. Utambuzi ndio hereni: ng'ombe anatobolewa sikio, anavalishwa kipande cha plastiki chenye namba. Hata tembo hawajapona. Hawa wanaotoka Serengeti usiku kutuingilia mashambani, Itilima, Meatu na huku kwetu, baadhi yao wamevalishwa kola zenye mawasiliano ya setilaiti, mtafiti akikaa mbele ya kompyuta anajua mnyama alipo. Tembo naye postikodi haijui, lakini hajawahi kupiga simu kuuliza alama. Anakuja moja kwa moja kwenye mahindi.

Mimi nina ng'ombe wanne, ndiyo kiinua mgongo changu kinachotembea. Siku walipovalishwa nilisimama kando na kunung'unika bila kupumzika. Nikasema, hata hawa jamani? Hata ng'ombe hawezi kuwa mwekundu tu akaishia hapo? Mke wangu alikuwa ameshika kamba.

"Wenzio wamevaa hereni," akasema. "Zangu bado ni ahadi."

Nikanyamaza dakika kama mbili hivi.

Miezi michache baadaye mtamba mmoja akapotea. Mwekundu, baka jeupe kwenye paji. Alitoka malishoni Jumatatu, Jumatano tukasikia kwamba sungusungu wa kijiji cha pili wanaye. Tukaenda, mimi na mke wangu, yeye na kapu lake la dagaa kichwani kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada na hakuona sababu ya kupoteza safari. Kufika, tukamkuta bwana mmoja ameshatutangulia. Naye amepoteza mtamba, naye anasema huyu ndiye.

Mtemi wa sungusungu, mzee mtaratibu mwenye koti la mvua siku ya jua, akasema kila mtu atoe maelezo yake. Nikaanza mimi. Nikamtoa baba kaburini. Nikasema: mwekundu wa udongo wa kichuguu, siyo mwekundu wa matofali. Baka la paji limekatika upande wa kulia. Pembe ya kushoto imelala. Akitembea anageuka geuka nyuma kama anadaiwa. Watu wakaguna kwa heshima. Nikajisikia fahari.

Yule bwana akasimama. Mwekundu wa udongo wa kichuguu, akasema, siyo wa matofali. Baka limekatika kulia. Pembe ya kushoto imelala. Akitembea kama anadaiwa. Neno kwa neno, mpaka na pumzi alinivutia mle mle nilimovuta mimi. Katika miaka 39 sijapata mwanafunzi aliyenakili imla vizuri vile.

Mtemi akajikuna kidevu. "Mwalimu," akasema, "namba ya hereni?"

Karatasi iko nyumbani. Kwenye kabati, chini ya vyeti, chini ya barua ya kustaafu. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Yule bwana akaanza kutazama kamba ya kumfungia ng'ombe wake.

Mke wangu akatua kapu. Akazitaja. Zote, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kumeza mate, kwa sauti ile ile anayotumia sokoni kumwambia mteja mafungu matatu ni elfu tatu. Mtemi akainama sikioni mwa ng'ombe na kitochi mchana kweupe, akawa anafuatisha kwa kidole. Alipofika mwisho akainuka, akamtazama yule bwana. Yule bwana akasema kumbe wake alikuwa na baka kubwa zaidi, akashukuru, wabeja sana, akaondoka kwa mwendo wa kama anadaiwa.

Tulirudi ng'ombe mbele, mke wangu katikati na kapu tupu, maana dagaa waliisha pale pale kwa mtemi, na mimi nyuma. Tulitembea kipande kirefu sijasema neno.

"Ulizishika lini?" nikamuuliza.

"Siku ile ulipokuwa unanung'unika."

Tukavuka korongo. Nikamuuliza tena, kwa sauti ya mtu asiyejali sana jibu: na ile yangu ya NIDA, nayo anaijua?

"Yako ya nini?" akasema bila kugeuka. "Wewe ukipotea nitawaambia tu namtafuta mzee mmoja analalamika. Watakuleta wenyewe."